Namna ya kupokea sanduku la kanga za bibi

Kwetu Unguja maandishi ya kanga tunayaita jina. Anayeivaa hulibeba jina hilo nyuma yake, na watu hulisoma kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi kujijua, mimi humuuliza kwanza: bibi yako ameacha kanga?

Wangu, mzaa mama, aliacha sanduku la misumari ya shaba. Ndani mlikuwa na doti 32, vipande sita visivyo na wenzake, buibui moja la kamba na, chini kabisa, kaniki moja iliyofungwa kwenye gazeti. Nimelimaliza kwa miaka mitatu. Nilikosea mengi, na nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote aliyeachiwa sanduku kama hilo na linamtazama kila akiingia chumbani.

Kabla hujafungua, kusanya warithi. Nguo za marehemu ni mali yake, na mali ya marehemu hutoa kwanza gharama za maziko, madeni na wasia, ndipo ikagawiwa. Kanga nazo zimo. Nimeona ndugu wawili wakinuniana kwa ajili ya doti tatu zilizobebwa kimyakimya msibani. Kwetu wajomba walisema kwa ndimi zao kwamba wamesamehe mafungu yao, tukaandika, tukatia saini. Jambo la nusu saa, na baada yake unashika kila nguo kwa moyo mweupe.

Siku ya kufungua iwe kavu, isiyo na mvua. Tandika mkeka, nawa mikono, ondoa pete. Usilimwage sanduku. Piga picha kila tabaka kabla hujalinyanyua, kwa sababu mpangilio wenyewe ni maneno. Mimi nilizitoa tatu za juu kwa pupa nikasahau zilivyokaa, na hilo linaniuma mpaka leo. Bibi alikuwa ameweka juu nguo za kusalia, katikati za harusi na sherehe, chini zile ambazo hakutaka zionekane.

Sasa zisome. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa kati, na ina jina, ambalo hukaa chini ya mji. Anza na jina. Kanga za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na maandishi kabisa; majina yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu kwanza, za Kilatini baadaye. Kisha tafuta alama ya mwenye mali karibu na pindo. Ukikuta "K.H.E. Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambako kanga wanaiita leso. Ukikuta ya Urafiki wa Dar es Salaam, basi haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, maana ndio mwaka kiwanda kilipofunguliwa kwa msaada wa China. Ukikuta nyekundu, nyeusi na nyeupe bila jina lolote, umeshika kisutu, nguo ya bibi harusi. Hiyo usiikate wala usiitumie kupangusia.

Ukiwa na shaka kama ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja ukingoni na uuchome. Pamba hunuka karatasi na huacha jivu laini. Nyuzi za poliesta huyeyuka zikafanya kidonge kigumu.

Lakini kusoma kwa macho hakutoshi, na hapa ndipo wengi huishia. Mtafute mzee aliyemjua mwenye sanduku. Mimi nilikuwa na bibi mdogo, nduguye marehemu. Mwanzo niliuliza vibaya: "Bibi, sisi ni watu wa wapi hasa?" Alinijibu majibu ya kila siku, Washirazi wa Kizimkazi, wenyeji wanaojihesabu asili yao ni Uajemi, basi. Nilipobadili swali, kinywa kikafunguka. Mpe kanga mkononi, umwulize: "Hii ulimwona nayo wapi?" Mkono unakumbuka kuliko kichwa.

Alishika "Japo sipati tamaa sikati" akasema bibi aliinunua mwaka ilipotoka mimba yake ya pili, akawa anajitanda nayo kila akienda kwa watu, miaka mitano, hadi alipozaliwa mama yangu. Hakumwambia mtu neno. Jina lilimsemea, na wanawake wa mtaa walilisoma wakamwombea dua. Kisha akashika "Usisafirie nyota ya mwenzio" akacheka kidogo, akataja jirani ambaye simwandiki hapa. Mimi nilimjua bibi wa tasbihi na uradi baada ya alfajiri. Bibi wa mafumbo sikumjua. Sasa ninao wote wawili, na nikiona ulimi wangu unavyowasha, najua nimeutoa wapi.

Mwishowe nikampa kaniki.

Kaniki ni marikani, yaani kitambaa cha pamba kisicho na rangi, iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Haina mji, haina pindo, haina jina. Katika karne ya 19 ndiyo iliyokuwa nguo ya wanawake watumwa hapa Unguja. Waliifunga kifuani na kichwa kikawa wazi, kwa sababu kujifunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa Aprili 1897, na wanawake waliopata uhuru wao walibadili nguo: waliacha kaniki, wakavaa kanga za rangi, wakajifunika vichwa, na karne ya 20 ilipoanza wakaingia katika buibui. Walikuwa wakisema kwa nguo kwamba nao ni watu wenye kwao na ni Waislamu kamili kama mwengine yeyote.

Kaniki ya bibi si ya zama hizo. Aliivaa akichuma karafuu. Lakini bibi mdogo aliishika muda mrefu pasi na neno, kisha akasema polepole: "Bibi yetu aliletwa mdogo. Kwao hakukujua. Aliyokuja nayo ni kama hii."

Miaka arubaini nimeishi sijasikia sentensi hiyo. Tulikuwa Washirazi, nukta. Na Washirazi tumo kweli, kwa upande wa babu. Ila mtoto yule aliyeletwa naye yumo, na aliwekwa chini kabisa, ndani ya gazeti.

Kama na wewe utakutana na neno kama hilo, nakuomba ufanye hivi. Usimkatize mzee. Usitoe simu kumrekodi. Usiulize mbele ya wakwe au wageni. Siku nyingine, mkiwa wawili, mwombe ruhusa ya kuliandika, na umwulize nani aambiwe. Bibi mdogo alisema: "Waambie watoto, si mtaa." Mwaka mmoja baadaye, kabla hajafariki, alisema mwenyewe kwamba hata mtaa sasa waambiwe. Ndipo nikaandika.

Kumbukumbu usiziandike kwa wino juu ya kanga. Kata kitambaa cheupe ukubwa wa vidole viwili, andika nani, lini, wapi, kishikize kwa nyuzi mbili pembeni mwa pindo.

Halafu zivae. Nguo inayokaa sandukuni tu hufia mikunjo. Kanga mpya iloweke peke yake kwenye maji baridi, ubadilishe maji mpaka yawe meupe. Ya zamani ioshe kwa mkono, isikamuliwe kwa kupopotolewa, ianikwe kivulini.

Ya kusalia ina masharti yake. Inyanyue dirishani, ukiuona mkono wako upande wa pili, ni nyepesi, vaa gauni zito chini yake. Kanga ya kwanza ifunge kiunoni mpaka ifunike miguu. Ya pili ishike kwa upande mrefu, weka katikati ya pindo kwenye paji la uso, vuta chini ya kidevu, ncha ya kulia itupe bega la kushoto. Sasa nyanyua mikono kama unayepiga takbira, ujitazame kwenye kioo. Hapo ndipo wengi wetu tunapofunuka mikono bila kujua. Mikono mirefu ya gauni humaliza tatizo.

Binti yangu anapenda abaya, na aliniambia mwalimu wake hataki kanga yenye jina msikitini. Sikugombana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali na shuka lenye mapambo, akalirudisha kwa kuwa liliushughulisha moyo wake. Nawe ukisujudu, aliye safu ya nyuma anasoma jina lako. Basi mafumbo yabaki nyumbani. Mimi husalia kwa "Wema hauozi", au kwa kipande ambacho jina limeshafifia. Lakini sikubali kuambiwa kwamba kanga si stara kwa kuwa ni ya kwetu. Dini imetaka mwili ufunikwe, kitambaa kisibane wala kisionyeshe, haikutaja duka. Katika Surat Al-A'raf tumeambiwa tuchukue pambo letu kila mahali pa ibada, na pambo la bibi yangu lilikuwa doti.

Kuhifadhi ni kwepesi. Zisiwekwe na wanga wa dukani, wadudu huupenda, zioshe kwanza. Tia karafuu kavu ndani ya kifuko, zifukize udi, na kila baada ya miezi kadhaa kunjua ukunje upya pahala pengine, maana kanga huchanikia kwenye mkunjo.

Kwetu kaniki haipo chini tena. Nimeiweka juu, pamoja na za kusalia, bila gazeti.

Na doti usiogope kuigawa, vipande viwili kwa watu wawili; ndivyo mashoga, wanawake marafiki, walivyokuwa wakifanya tangu zamani. Nusu ya "Japo sipati tamaa sikati" anayo mama yangu, ambaye ndiye aliyengojewa. Nusu ya pili nimempa binti yangu. Asubuhi ya Idd aliifunga juu ya abaya yake, akaniuliza jina likae wapi. Chini, nikamwambia, na lielekee nyuma.