Jinsi ya kuchagua ORM: ipe kwanza kazi ngumu

Niliwahi kutengeneza mfumo wa mauzo wa duka la dawa. Kwenye laptopu yangu, yenye mauzo kumi ya majaribio, ukurasa wa ripoti ulifunguka papo hapo. Miezi miwili baadaye mfamasia alikuwa akibonyeza ripoti, anamhudumia mteja, ndipo anarudi kuangalia kama imefunguka. Seva haikuwa na tatizo. Mimi ndiye niliyechagua ORM, yaani maktaba inayokuwezesha kutumia hifadhidata kwa lugha unayoandikia programu badala ya kuandika SQL mwenyewe, kwa kupendezwa na mifano yake, bila kuangalia inaiuliza nini hifadhidata. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Angalia uko kwenye fremuweki gani, yaani kiunzi unachojengea programu. Ukiwa ndani ya Django, tumia ORM yake. Ukiwa Laravel, tumia Eloquent. Usihangaike kuzing'oa, maana nusu ya fremuweki imejengwa juu yake. Mwenye kuchagua hasa ni mtu wa Flask au FastAPI (fremuweki za Python), ambako wengi huishia kwa SQLAlchemy, na mtu wa Node (JavaScript ya upande wa seva), mwenye Prisma, Sequelize, TypeORM, Drizzle na ubishi usioisha.

Hatua ya 2: Andika karatasini maswali (query) matatu magumu kuliko yote ambayo mfumo wako utaiuliza hifadhidata. "Onyesha bidhaa zote" si swali, kila ORM inaliweza. Ya duka lile yalikuwa: mauzo 200 ya mwisho na majina ya wateja, dawa zitakazoisha muda ndani ya siku 90 kwa kila tawi, salio la kila mteja wa mkopo.

Hatua ya 3: Yaandike kwa ORM, kisha hesabu ni maswali mangapi yanatumwa kwa hifadhidata. Jaza kwanza data za kubuni, hata mistari 10,000. Tazama hii ya Django:

```
for m in Mauzo.objects.order_by('-tarehe')[:200]:
    print(m.mteja.jina)
```

Inasomeka vizuri, sivyo? Inatuma swali moja kuleta mauzo, halafu swali jingine kwa kila `m.mteja`. Jumla 201. Hilo ndilo lililokuwa likimsubirisha mfamasia wangu. Ukiweka `select_related('mteja')` kabla ya `order_by`, linabaki swali moja lenye JOIN, yaani linalounganisha majedwali mawili. Eloquent ukiipa `with('mteja')` inatuma mawili. SQLAlchemy ina `joinedload` na `selectinload`.

Usikisie idadi. Kwenye Django, ukiwa na `DEBUG=True`, chapisha `len(connection.queries)`. Kwenye SQLAlchemy weka `echo=True` ndani ya `create_engine` uone kila SQL ikipita. Laravel ina `Model::preventLazyLoading()`, inayokurushia kosa pale pale unapojisahau, na kwa hilo naipenda sana.

Hatua ya 4: Badilisha jina la safu (column) moja ya jedwali. Fanya `simu` iwe `namba_ya_simu`, kisha iambie ORM itengeneze faili la mabadiliko (migration). Django itakuuliza kama umebadilisha jina tu. Alembic, inayotumika na SQLAlchemy, haitambui: itaandika kuwa safu mpya iongezwe na ya zamani ifutwe. Ukiliendesha faili hilo bila kulisoma, namba za simu za wateja wote zimekwenda. Lifungue, uandike mwenyewe `op.alter_column` yenye `new_column_name`.

Hatua ya 5: Tafuta mlango wa SQL tupu. Utauhitaji tu, usidanganywe. Hakikisha thamani zinapita pembeni, zisiunganishwe ndani ya maandishi ya SQL, la sivyo umemfungulia mwizi:

```
cursor.execute("SELECT jina FROM mteja WHERE tawi_id = %s", [tawi])
```

Lile swali la salio nililisumbukia kwa ORM siku nzima, likatoka refu na mimi mwenyewe silielewi. Mwishowe niliandika SQL ya mistari 14. Iko hivyo hadi leo, na sijaona sababu ya kuigusa.