Unafundisha mazingira chuoni? Anza na mto mmoja
Walimu wenzangu wa vyuo vya huku Mbeya na Iringa, ukipewa somo la mazingira usianze na slaidi za nadharia, chukua mto mmoja uende nao semista nzima. Mi natumia Ruaha Mkuu, maana tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi na kila fani ina neno lake hapo. Gawa makundi ya wanne wanne ila changanya, wa baiolojia akae na wa uchumi, wa sheria na wa jiografia, ukiwaacha wachague wenyewe watakaa kishkaji tu.

Alafu wapeleke bonde la Usangu, sehemu ya juu ya mto huo, kwenye mifereji ya mpunga wapime maji kwa mikono yao: kamba ya mita 10, chungwa, saa ya simu, wakishapata spidi wazidishe kwa upana na kina cha mfereji, wapate makadirio ya maji yanayopita. Chungwa ni zuri sana kwasababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Wakimaliza wakae na mkulima, wakae na mfugaji, wasikilize kwanza wasibishane.

Wasimulie pia wafugaji walivyoondolewa Usangu 2006, na 2008 Ihefu, kile kinamasi cha Usangu, ikaingizwa hifadhi ya taifa ya Ruaha, alafu uliza maji ya Mtera, bwawa la umeme lililoko chini ya mto huo huo, yakipungua nani anawajibika, hapo darasa linawaka kweli kweli. Mtihani ni ripoti moja kwa kundi, na kila mtu aeleze kipande cha fani ya mwenzake.