Siku mbili kwenye banda la Mlima Elgon, na jinsi ya kuifikia Jumatatu ukiwa umepumzika

Wakazi wengi wa Kisumu wanaopanda Elgon kupumzika hupanga kila kitu isipokuwa kurudi. Hufika nyumbani Jumapili usiku na tope viatuni, nguo zote zinanuka moshi, sare za watoto hazijapigwa pasi, na Jumatatu saa nne wamechoka kuliko walivyoondoka. Mapumziko ya mlimani hupotea sehemu mbili: usiku wa kwanza, moto ukikataa kuwaka na watu wakatetemeka hadi alfajiri, na siku ya kurudi. Ukizitengeneza hizo mbili, yaliyobaki yatajipanga.

Panga kurudi kwanza

Omba ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa. Panda Alhamisi asubuhi, lala usiku miwili, shuka Jumamosi baada ya chai. Jumapili yote iwe ya nyumbani. Ukipewa siku moja tu, chukua Ijumaa, lala usiku huo mmoja na bado ushuke Jumamosi. Usiku mmoja unaofuatwa na Jumapili tupu unapumzisha kuliko miwili inayoishia kwenye giza la barabara ya Kakamega.

Jioni ya kuamkia safari, iandae nyumba kana kwamba unamkaribisha mgeni. Tandika mashuka safi, piga pasi sare na nguo za kazi za Jumatatu, nunua tokeni za stima, jaza tangi la maji, toa takataka zote. Chemsha githeri au maharagwe ya mlo mmoja na uyagandishe kwenye friji; ndiyo chakula cha Jumamosi jioni, wakati hakuna atakayetaka kusimama jikoni.

Kazini, acha ujumbe unaosema lini utajibu, si kwamba haupo tu: "Niko likizo hadi Jumamosi. Nitajibu Jumatatu kuanzia saa nne. La dharura, mpigie fulani." Ile saa nne ina maana yake, tutaifikia.

Banda na maswali ya kuuliza

Mabanda ya Kapkuro ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, mwendo mfupi kutoka lango la Chorlim. Ni ya kujipikia. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo na huduma, na langoni hawapokei pesa taslimu, kwa hivyo lipa ukiwa bado nyumbani penye mtandao na uhifadhi risiti kwenye simu. Ziko pia nyumba za wageni kwenye mashamba ya Trans Nzoia, nazo zinafaa zaidi kwa wazee wasiopenda kulala porini.

Popote utakapolala, uliza haya kabla ya kulipa: Je, kuni zimo kwenye bei, na ni kiasi gani kwa usiku? Meko ina dohani inayofanya kazi? Maji ya kuoga yanapashwa moto kwa nini, na saa ngapi? Kuna blanketi ngapi kwa kitanda? Sufuria na visu vipo? Stima ipo, au ni taa za sola? Jibu la "utapata kila kitu" si jibu. Uliza tena, kimoja kimoja.

Miezi ya Desemba hadi Machi ndiyo mikavu zaidi. Aprili na Mei mvua ni nyingi, na hata Agosti huku magharibi hunyesha karibu kila alasiri.

Njia

Kutoka Kisumu ni Kakamega, Webuye, Kitale, takriban kilomita 160, kisha Endebess hadi Chorlim. Kipande cha mwisho ni cha udongo, na kikilowa huteleza vibaya. Gari dogo lishushe mwendo na lisisimame katikati ya mpando. Anayetoka Nakuru apitie Eldoret. Milango ya hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni, nawe unataka kuwasha moto kabla ya giza, kwa hivyo lenga kufika langoni saa tisa au saa kumi. Kwa gari lako ondoka Kisumu si baada ya saa tatu asubuhi. Kwa matatu ondoka saa moja: utabadilisha Kitale, ushuke Endebess, umalizie kwa boda boda. Hapo Webuye, njia inapokutana na ile ya Malaba, malori ni mengi. Hiyo peke yake inatosha kukukataza kurudi usiku.

Vyakula vizito vinunue Kitale. Viazi, kabichi, maparachichi na maziwa vinapatikana sokoni, hakuna haja ya kuvibeba kutoka soko la Kibuye huko Kisumu.

Chakula na maji yanayochemka mapema

Hapa watu wa ziwani hukwama. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: hupungua takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kisumu, iliyo mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96. Kwenye mita 2,300 ni karibu 92. Sufuria inatokota kwa nguvu, lakini maharagwe huchelewa sana kuiva, na kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji hayapandi joto zaidi ya hapo. Unachoma tu gesi. Kwa hivyo maharagwe na mahindi makavu yapikwe nyumbani. Yagandishe usiku, na njiani yatakuwa barafu ya kupoza nyama. Mchele uuongezee maji kidogo na dakika chache. Ugali pia, uache uive kwa moto mdogo kabla ya kuupindua.

Kwa watu wanne, usiku miwili: unga wa ugali pakiti moja ya kilo 2, mchele kilo 1, maharagwe yaliyochemshwa kilo 1, viazi kilo 3, kabichi moja, mafuta nusu lita, sukari nusu kilo, majani ya chai, vitunguu, nyanya, chumvi, na maji ya kunywa lita 20. Samaki waliokaangwa vizuri ni wa jioni ya kwanza tu. Omena zilizokaangwa hadi zikakauka zitafika siku ya pili. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa unatosha na kubaki. Usafirishe ukiwa wima, madirisha yakiwa wazi kidogo. Kwenye matatu usiubebe kabisa, chagua banda lenye jiko.

Funga madirisha kila mnapotoka, hata kwa dakika tano. Nyani wanajua mkate ulipo. Mabaki yasitupwe nje, kwa sababu mgeni atakayekuja kesho ndiye atakayevamiwa.

Moto

Ukipanda mita 1,000 joto la hewa hupungua kama nyuzi 6 hivi. Usiku wa Kisumu wa nyuzi 18 unakuwa kama nyuzi 11 au chini yake huko juu, na kuta za mawe hazitoi joto hadi zipashwe. Washa moto saa kumi na moja, kabla baridi haijaingia kitandani.

Kagua kuni kwanza. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito. Tazama ncha zake, kavu ina nyufa. Kuni ikitoa povu na kuzomea motoni, bado ina maji, na joto lote linaishia kuyakausha. Vipande vya unene wa mkono, 10 hadi 12, vinatosha jioni moja, pamoja na vijiti vyembamba vya kuwashia. Usikate wala kuokota kuni ndani ya hifadhi bila ruhusa ya askari. Vijiti unaweza kubeba kutoka nyumbani, pamoja na magazeti ya zamani.

Kisha hivi. Fungua kizibo cha dohani kama kipo. Dohani iliyolala baridi imejaa hewa nzito isiyotaka kupanda, ndiyo sababu moshi wa dakika za kwanza hurudi chumbani. Shika gazeti linalowaka kwenye mdomo wa dohani kwa dakika moja, hadi uone moshi wake unavutwa juu. Fungua mlango au dirisha upana wa kiganja. Weka magogo mawili sambamba, nafasi ya kiganja kati yao, panga vijiti juu kwa kukatizana, gazeti katikati. Washa, na usiguse. Kosa la kawaida ni kurundika magogo mazito mapema. Moto unakosa hewa, chumba kinajaa moshi, na mtu mmoja lazima atapendekeza mafuta ya taa. Usimkubalie. Ukiongeza mafuta ya taa au petroli kwenye makaa, mwali unakurudia usoni.

Sasa lililo muhimu kuliko yote humu. Usilale na jiko la makaa ndani ya chumba. Usilipeleke "kwa dakika chache kupasha chumba", wala usilibakishe kwa sababu moshi umekwisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito, hivyo anayepata sumu hudhani amechoka na safari. Familia nzima hulala isiamke. Watu wawili wakiumwa kichwa pamoja, toeni kila mtu nje mara moja, piga 999 au 112, na mtu akimbilie kwa askari kwa kuwa mtandao unaweza kukosekana. Hata meko yenye dohani, acha ipungue hadi majivu kabla ya kulala, na kizibo kibaki wazi hadi asubuhi.

Joto la usiku litoke kwenye matandiko. Tandika blanketi moja chini yako, kwa maana baridi kubwa hupanda kutoka godoroni. Soksi kavu ambazo hukuzivaa mchana, kofia ya sufu kwa watoto, na mfuko wa mpira wa maji moto uliofungwa kwa taulo, miguuni.

Kutwa nzima ya kutofanya kitu

Usijaze ratiba. Matembezi ya muda wa saa mbili, asubuhi, ukiwa na askari wa hifadhi, yanatosha. Alasiri mvua ikija uwe ndani. Utahema kwenye mpando na kiu itakuwa nyingi, kunywa maji hata bila kuhisi joto. Mbega utawaona juu ya miti karibu na mabanda ukikaa kimya, na ndiyo maana tunaomba kwa dhati: spika ya muziki ibaki nyumbani. Usiku usitembee nje ya mabanda. Nyati na ndovu hupita.

Simu ipe nusu saa moja kwa siku, mchana, si usiku. Habari mbaya ya kazini ikisomwa saa mbili usiku italala nawe, na huwezi kuifanyia lolote kutoka mlimani.

Pango la Kitum linajulikana kwa ndovu wanaoingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Ni maajabu ya kweli. Lakini mwaka 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wamelitembelea waliugua Marburg, homa kali ya virusi, wakafa, na virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda wa mapangoni. Kwa safari ya kupumzika, litazame kutoka mdomoni. Usiingie ndani kwenye popo, usiguse kinyesi chao wala kuta zilizochafuka, na watoto wasiingie kabisa.

Kushuka na kurudi

Jumamosi, osheni vyombo na kufunga mizigo kabla ya chai ya mwisho. Nguo zilizolowa ziende mfuko wa peke yake. Ondokeni saa tatu, mfike mchana kukiwa na jua la kuanikia.

Siku hiyohiyo, kabla ya kukaa, fungua mizigo yote. Mzigo ukilala mlangoni hadi Jumanne, safari haijaisha. Blanketi na sweta zianikwe penye upepo kwa saa kadhaa kabla ya kufuliwa. Moshi mwingi huondoka kwa hewa peke yake. Ufuapo, suuza na nusu kikombe cha siki kwenye lita 10 za maji. Sufu ni maji baridi tu. Hakikisha kila kitu kimekauka kabisa, kwa unyevu wa Kisumu ukungu hushika kabatini upesi. Tope la viatu liache likauke ndipo ulipige brashi, kisha jaza gazeti ndani.

Usiku wa kwanza utaona joto jingi na usingizi utasita. Oga maji vuguvugu, si baridi, na chomeka chandarua vizuri, mlimani mlikisahau. Mlimani mlilala saa tatu kwa sababu ya giza, basi ilinde saa hiyo Jumamosi na Jumapili. Atakayekesha Jumapili akitazama simu atakuwa amejitafutia Jumatatu ngumu.

Jumatatu, fika kazini kwa wakati wa kawaida lakini usijibu chochote hadi saa nne. Saa mbili za kwanza ni za kusoma tu, kuanzia ujumbe wa karibuni kurudi nyuma, kwa sababu mengi ya Alhamisi yalishatatuliwa na wengine kufikia Ijumaa. Andika matatu yanayokungoja wewe kweli, anza nayo. Mikutano isogezwe hadi Jumanne kama una uwezo.

Homa ikija, huko juu au baada ya kurudi, usiite mafua ya baridi. Mtu wa Kisumu hubeba malaria kutoka nyumbani na huweza kuugulia mlimani, kwa hivyo pimwa siku hiyohiyo. Na kama uliingia pangoni, mwambie daktari hivyo waziwazi kwa homa yoyote ndani ya siku 21, hata kama hakuuliza.