Kuomba ualimu wa Kiingereza ukiwa Mwanza: kuanzia Ajira Portal hadi usaili

Tangazo la ajira za walimu likitoka, steshenari za Makoroboi hazipitiki. Usingoje foleni hiyo. Akaunti ya Ajira Portal (portal.ajira.go.tz) unaweza kuifungua hata leo, bila tangazo lolote.

Uwe na namba ya NIDA na barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe mwenyewe. Wengi hufunguliwa barua pepe na kijana wa steshenari; tangazo la pili likija, kijana keshahamia Geita na nywila yake kichwani.

Vyeti vya kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha taaluma vitolewe nakala, nakala hizo zigongwe muhuri wa wakili, ndipo ziskaniwe. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Kisha soma jina lako herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kimeandika Elizabeth na kingine Elizabeti, mwone wakili mapema akuandalie hati ya kurekebisha jina.

Barua ya maombi, yenye saini, huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwenda kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Mimi ningeandika kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza anayekimbia Kiingereza anajitangaza vibaya. Wasifu uwe na wadhamini watatu. Chagua daraja linalolingana na cheti chako: III A ni astashahada, III B stashahada, III C shahada.

Ukiitwa kwenye usaili, usikimbilie kukariri maneno magumu. Jipime hivi: andika sentensi kumi za Kiingereza kuhusu mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Niliwapa zoezi hili wenzangu watatu tuliokuwa tukijisomea pamoja Nyegezi. Wote walianza vizuri, "She buys dagaa at night." Kufika sentensi ya tano, wawili walikuwa wameandika "He sell." Mama keshageuka baba, na "s" imezama ziwani.

Chanzo ni Kiswahili chetu. "Anauza" inamtaja mtenda kwa ile "a" ya mwanzo, awe mume au mke, na inatosha. Kiingereza kinataka umtaje kwa jinsia yake, halafu, katika wakati uliopo, uweke "s" mwishoni mwa kitenzi, tena kwa nafsi ya tatu umoja peke yake. Kwa hiyo ukimaliza kuandika rudi nyuma, weka kidole kwenye kila kitenzi, uliza: nani anatenda?

Mengine ya ukoo huo: "discuss about" inatoka kwenye "kujadili kuhusu"; Kiingereza hakihitaji hiyo "about". "An hour" lakini "a university", kwa sababu kinachofuatwa ni sauti, si herufi. Na sisi tuliokulia kwenye Kisukuma, r na l hutuchezea: mtoto anacheza mpira, karatasi inasema "pray". Soma kwa sauti, mwenzako asikilize.

Upande wa ufundishaji, andaa azimio la kazi na andalio la somo kwa mkono wako, usinakili la rafiki. Tumia muhtasari wa mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika madarasani Januari 2024. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni, ingia usome vitabu bure.

Siku ya usaili beba vyeti halisi na kitambulisho. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Anayetoka Ukerewe avuke siku moja kabla. Meli ya Nansio huchukua saa kama tatu, na ziwa likichafuka huna wa kumlalamikia. Vyeti viweke kwenye faili la plastiki lenye zipu, na lisiende kwenye mizigo chini, ulipakate mpaka mnatia nanga.