Namna ya kushabikia Mawenzi wakati kila mtu anapiga picha Kibo

Aisee kama unakaa Moshi hii unaijua, asubuhi wingu likifunguka kila mtu anatoa simu anaipiga Kibo, kilele kikubwa cha Kilimanjaro, na theluji yake, na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huohuo, iko palepale pembeni na meno yake hakuna anayeiuliza. Mita 5,149 bana! Ukiihesabu kama kilele cha peke yake basi Afrika nzima inazidiwa na Kibo na Mlima Kenya tu, Meru ya machalii wa Arusha haifiki hapo, ila kosa lake ni kukaa jirani na mkubwa. Kwenye tenisi wapo wachezaji wa hivyo, mimi nimewashabikia miaka mingi, na kama na wewe moyo wako unaenda kwa yule anayefungwa fainali basi ngoja nikupe utaratibu usiumie bure.

Kwanza chagua vizuri. Sio kila anayefungwa ni Mawenzi, wengine ni vichuguu tu. Wako awe amefika juu kweli halafu akakuta mlango umezibwa. Na kipindi kile ulizibwa haswa, Federer alibeba mataji ya Grand Slam 20 (ndo yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australia, French Open, Wimbledon na US Open), Nadal 22, Djokovic 24, jumla 66 kwa watu watatu, waliobaki wakawa wanagombania makombo. Kuna David Ferrer, Mhispania mfupi (kwa tenisi sentimita 175 ni mfupi), anakimbia kama anadaiwa kodi, akafika namba 3 duniani mwaka 2013. Fainali ya Grand Slam kacheza moja tu maisha yake yote, French Open mwaka huohuo, na aliyemkuta upande wa pili ni Nadal, mfalme wa viwanja vya udongo, palepale Paris. Seti tatu kwisha habari. Kakutana na Federer mara 17 na zote 17 Ferrer ndo kafungwa. Andy Murray naye alicheza fainali 11 akapoteza 8, zote kwa Federer au Djokovic, lakini huyo alishinda 3 na ana dhahabu mbili za Olimpiki kwa hiyo pole yake naitoa nusu. Ons Jabeur wa Tunisia, fainali tatu na zote kapoteza, inauma, ila ni maumivu mengine maana alifungwa na watu watatu tofauti, hakuna Kibo pale.

Mimi wangu ni Andy Roddick, Mmarekani. Alichukua US Open 2003, akamaliza mwaka akiwa namba moja, kijana wa miaka 21, na sevu (pigo la kuanzisha) ambayo mwaka uliofuata ilifika kilomita 249 kwa saa, kila mtu akasema zama zake hizo. Ndo akatokea Federer. Baada ya hapo Roddick kacheza fainali nne za Grand Slam, zote nne kakutana na mtu huyohuyo na zote nne kapoteza. Jumla walicheza mara 24, kashinda 3. Wazee wa Kichagga wanasimulia Mawenzi alikuwa kila mara anaenda kwa Kibo kuomba moto, Kibo akachoka akamtwanga na mchi, ndo maana amechongoka vile. Kila nikikumbuka hiyo hadithi namuona Roddick anarudi tena Wimbledon kuomba moto.

Halafu, na hapa usikimbie, jifunze kusoma skoo yote usiishie kwa mshindi. Chukua fainali ya Wimbledon 2009, Federer na Roddick, namba ya Federer inatangulia: 5-7, 7-6, 7-6, 3-6, 16-14. Kaa na kalamu ujumlishe gemu. Federer 38, Roddick 39. Yaani aliyeshinda gemu nyingi ndo aliyepoteza mechi, maana mshindi anahesabiwa kwa seti! Sevu ya Roddick iligoma kuvunjwa (yaani hakupoteza gemu aliyoanzisha yeye) gemu 37, ikavunjwa ya 38, na hiyo ndo ilikuwa gemu ya mwisho. Lakini ugonjwa wenyewe ulianzia seti ya pili. Alishachukua ya kwanza, kwenye taibreki (gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6, wa kwanza kufika pointi 7 akiwa mbele kwa mbili) anaongoza 6-2, pointi moja tu awe mbele seti mbili. Zikapotea tatu, ikawa 6-5, mpira ukaja juu upande wa bekihendi, yeye yuko karibu na wavu, voli (kuupiga kabla haujadunda), na kiwanja kiko wazi kabisa... akaupiga nje. Mimi nilikuwa kwa jirani mwenye dishi, Julai ile baridi, nimevaa sweta mbili, nikasimama nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hata sio wangu.

Kingine ni mambo ya kawaida tu. Fainali ya Wimbledon kwetu zamani ilikuwa inaanza saa kumi jioni, tangu 2025 ni saa kumi na mbili jioni, jipange, ile ya 2009 ilichukua zaidi ya masaa manne. Ya Australia inaangukia Jumapili kabla ya saa sita mchana kwa hiyo wahi ibada ya kwanza. Kibanda umiza usihangaike nacho, ukimwambia mwenye kibanda aweke tenisi anakuangalia kama umeomba taarabu msibani. Bora nyumbani au kwa mshkaji, na umeme uombee.

Sasa kuhusu maneno. Usiseme "masikini weee". Mtu aliyekuwa namba moja duniani sio masikini. Sisi tuna pole ya aina mbili, ipo ya msiba na ipo ile unayompa mama anayetoka shamba na mkungu wa ndizi kichwani, pole na kazi. Tumia hiyo ya pili. Na watu watakuuliza kashinda nini sasa huyo wako, usianze kubishana, waambie wajumlishe gemu. Wala usimchukie Federer, nilijaribu miaka miwili mitatu nikashindwa, yule jamaa anacheza vizuri bana.

La mwisho, pointi ya mwisho ikiisha remoti ishike wewe. Kuna mtu lazima atataka kurudisha mpira wa miguu, mkatalie. Siku ile ya 2009 Federer alikuwa anafikisha Grand Slam 15 anampita Pete Sampras aliyekuwa na rekodi, na Sampras mwenyewe yuko jukwaani anaangalia, mambo makubwa, lakini jirani yangu alitaka kubadili chaneli nikamwambia mzee subiri kidogo. Roddick alikuwa kakaa kwenye kiti chake macho mekundu, halafu uwanja mzima ukaanza kuimba jina lake.