Kumfuata sonara George Heriot kwa miguu Edinburgh

Vaa viatu vya kutembea. Mawe ya High Street yamenitegua kifundo mara mbili. Anzia kanisa la St Giles, maana duka la Heriot lilikuwa karibu hapo. Mwaka 1597 akawa sonara wa Malkia Anne, mkewe James VI, mfalme wa Uskoti. Malkia alipenda vito kuliko alivyoweza kulipa, basi Heriot alimkopesha, naye akaweka vito vilevile rehani! Mwaka 1603 James alipopata ufalme wa Uingereza pia, Heriot aliwafuata London.

Halafu shuka hadi makaburi ya Greyfriars, uchungulie ukutani: ile shule yenye minara ilijengwa kwa urithi wake, kwa ajili ya yatima. Kaburi lake usilitafute hapa. Alizikwa London, 1624.