Unahamia Kisumu? Kagua mita ya stima kabla ya vigae

Kazi yangu ni kuhamisha watu na vyombo vyao kwa kanta, yaani lori dogo. Wengi ninaowaleta Kisumu hutoka Nairobi, Nakuru au Eldoret baada ya kupata kazi huku. Kwa kuwa nawafikisha hadi mlangoni, yale ambayo dalali aliyanyamazia huwa nayaona siku hiyo hiyo. Juzi nimemhamisha binti ya mjomba wangu, naye akaniomba nielekeze wenzake wa kazini wanaomfuata. Nimeona heri niandike mara moja, kila mwenye haja asome.

Hatua ya 1: Chagua upande wa mji

Kisumu inateremka kuelekea ziwani. Riat kuko juu, kuna upepo. Nyalenda, Dunga na Nyamasaria ni tambarare, na sehemu kubwa ni ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za ufuoni. Sikukatazi kukaa chini huko, kodi ni nafuu na mjini ni karibu. Ila nenda ukaione nyumba baada ya mvua. Mvua ya hapa hupenda alasiri na jioni, ikija na radi zake, na dalali atakuita saa nne asubuhi njia ikiwa kavu.

Ukifika, angalia ukuta wa nje kwa chini. Ukiona mstari wa matope yaliyokauka, au rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini peke yake, kaongee na mama wa kioski aliye karibu. Yeye hapati kamisheni.

Ukichukua nyumba Mamboleo na kazi yako iko mjini, jua utapita msongamano wa Kondele kila siku. Hilo kila mtu ana uvumilivu wake.

Hatua ya 2: Tafuta nyumba bila dalali

Dalali anakutoza ada ya kuonyeshwa nyumba, upende usipende. Mimi humwambia mteja akodi boda boda ya steji ya mtaa ule kwa nusu siku. Kijana wa boda anajua ploti gani haina maji, ipi ina landilodi msumbufu, na ipi imebaki tupu tangu mwaka jana na kwa nini. Usitume depoziti kwa nyumba uliyoiona kwenye picha.

Hatua ya 3: Maji

Fungua bomba, usiulize. Kisha angalia kama kuna tanki juu. Maji ya mfereji wa KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ndiyo ya kutegemea. Visima vifupi vya Manyatta na Nyalenda vimepakana na vyoo vya shimo, hayo maji ni ya kufulia na kupigia deki tu.

Hatua ya 4: Mita ya stima (hii isome yote)

Hapa ndipo watu hulala gizani usiku wa kwanza.

Jua kwanza mita ni ya nani. Kuna mita ya Kenya Power yenye namba ya tarakimu 11, ambayo tokeni zake unanunua kwa paybill 888880. Halafu kuna mita ndogo ambayo landilodi ameifunga nyuma ya ile kubwa, na tokeni zake anauza yeye au mtu aliyepatana naye, kwa bei yao. Hizi mita ndogo sizipendi hata kidogo. Ile kubwa ikizimika, ploti nzima imezimika hata kama wewe umebakiza yuniti 50. Na ukienda Kenya Power kulalamikia bei, watakuambia mita hiyo si yao. Kama nyumba mbili zinalingana kila kitu na moja ina mita yake, chukua hiyo hata ikiwa na ngazi nyingi.

Pili, kabla ya kulipa depoziti, omba namba ya mita, nunua tokeni ya shilingi 200 na uiingize ukiwa umesimama pale pale. Msimamizi atawasha taa akuambie stima iko sawa. Taa kuwaka hakuthibitishi lolote, kwa sababu mita inaweza kuwa inamalizia yuniti za mpangaji aliyeondoka, na tokeni mpya isiikubali.

Kile kisanduku cha kubonyezea namba ndicho cha kwanza kuleta shida. Kama mita yenyewe iko kwenye nguzo au ubao wa pamoja nje, kisanduku hicho huongea nayo kupitia nyaya za nyumba, kwa hiyo lazima kichomekwe kwenye soketi ya nyumba hiyo hiyo, si ya jirani. Nyumba iliyokaa tupu huwa na betri zilizovuja ndani ya kisanduku. Fungua mgongo wake uone saizi, nenda dukani. Wakati mwingine kisanduku kimeondoka na mpangaji. Hapo mwambie landilodi akitafute kabla hujatoa hata shilingi.

Sasa tuje kwenye tokeni kukataliwa. Mita zote za tokeni zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusasishwa haipokei tokeni za sasa, hata uingize mara kumi. Namna ya kusasisha ilikuwa hivi: ukinunua tokeni unaletewa mistari mitatu ya tarakimu 20, miwili ya kwanza ya kusasisha na wa tatu ndio wenye yuniti, na unaiingiza kwa kufuata mpangilio huo. Kuna watu walikimbilia ule wa tatu, mita ikakataa, wakafuta ujumbe.

Kwa binti ya mjomba, tulikuwa tumeshapandisha vitanda na giza limeingia. Anamulika kwa simu, mimi nabonyeza.

"Kaka, labda umekosea hiyo saba."

Sikuwa nimekosea saba. Tulirudia polepole, yeye akisoma nne nne, kisanduku kikakataa tena. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono mfukoni, ndipo akasema, "Yule mama wa mwanzo alikuwa anatumia sola." Kumbe mita haikuwa imeguswa tangu zamani, na ile mistari miwili ilikuwa imetumwa kwenye simu ya mtu aliyehama zamani. Hapo dawa ni moja: Kenya Power wakutumie upya namba za kusasisha mita hiyo. Wapelekee namba ya mita na ya simu yako. Tulizipata asubuhi.

Tokeni ikikubali, bado kuna suala la deni. Deni la akaunti hubaki kwenye mita hata mpangaji akihama, na kila ukinunua, sehemu ya pesa yako inaenda huko. Angalia mchanganuo kwenye ujumbe wa tokeni, na ubonyeze *977# uangalie akaunti. Ila usimshtaki landilodi kwa sababu tu jirani anapata yuniti nyingi kuliko wewe kwa pesa ile ile. Tangu Aprili 2023, bei ya nyumbani ina makundi matatu kufuata wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi yuniti 30, kuzidi 30 hadi 100, na kupita 100. Mita inabeba wastani wa aliyekuwepo. Kama alikuwa akipikia stima, utaanza kwa bei yake, na itashuka baadaye ukitumia kidogo.

Deni likiwepo, lilipwe kabla ya depoziti, na liandikwe kwenye mkataba. Piga picha ya mita siku unayopokea ufunguo.

Hatua ya 5: Siku ya kuhama

Hama katikati ya mwezi, kanta ni rahisi. Ukitoka Nairobi kupitia Nakuru, Kericho na Ahero, ondoka alfajiri, kwa sababu Kericho nako hunyesha alasiri na godoro lililolowa halikauki upesi. Dai turubai zima, ulitandaze ulione kabla ya kupakia. La kwangu halina matundu, lakini kagua hata langu.

Hatua ya 6: Neti

Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, na mtu aliyekulia Nairobi mwili wake hauijui. Neti isiwe chini ya mzigo, iwe kwenye begi la mkononi, ifungwe usiku huo huo. Mtoto akipata homa, apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa yoyote.

Hatua ya 7: Shule na samani

Mwombe mwalimu mkuu wa shule ya zamani amwachilie mtoto kwenye mfumo wa wizara ya elimu, na uje na UPI yake, ile namba ya utambulisho wa mwanafunzi.

Kabati zito liuze huko huko. Soko la Kibuye lina vitanda na kabati za mbao, na Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Nenda na kipimo cha mlango wako kwenye karatasi, maana fundi wa Kibuye atakuapia kwamba kabati linapita, na ukishalipa, kulirudisha ni gharama yako.